Bi Kipaza na Radi ya Mumewe

Sokoni walimwita Bi Kipaza, na walimwita hivyo miaka mingi hata wajukuu zake wakati mwingine walisahau kumwita Bibi. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Kibanda chake kilikuwa juu ya ngazi ya mbao, katikati ya soko, kati ya wauza vitunguu na mafundi cherehani. Ndani mlikuwa na kiti kilichopungua mguu, feni iliyogeuza shingo huku na huko bila kutoa upepo, na kipaza sauti ambacho alikifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini kama mtu anavyomfuta mtoto makamasi.

Mtoto akipotea, Bi Kipaza. Gari likiziba lango la mizigo, Bi Kipaza. Kuna mtu alisahau meno yake ya bandia juu ya meza ya muuza chai, na hilo nalo Bi Kipaza alilitangaza, kwa heshima kubwa, bila kumtaja mwenyewe: "Yule bwana anayecheka mdomo umefumbwa tangu asubuhi apite kibandani, achukue chake, acheke kama wenzake."

Lakini kutangaza kitu kikavu hakuweza. Lazima atie chumvi. Kikiokotwa kiatu kimoja, basi kiatu hicho kilikuwa cha bwana harusi aliyekimbia. Ukisahauliwa mwavuli, basi mwavuli huo ulikuwa unalia. Wanasema siku moja alitangaza kupotea kwa mbuzi kwa uchungu mwingi, hata mbuzi mwenyewe akapanda ngazi mpaka kibandani kujisalimisha, machozi yanamtiririka. Aliyebisha habari hiyo alionyeshwa ngazi. "Si hizi hapa? Sasa unabisha nini?"

Mumewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa fundi wa mabati: ndoo, masanduku ya nguo, makopo ya kumwagilia maua, mabomba ya kutolea moshi. Mrefu, mikono mipana, na maneno yake yalikuwa haba kama mvi za kijana. Ukimsalimu asubuhi, jibu ulilipata adhuhuri. Dada yake fundi, mshona mapazia, ambaye kwa Bi Kipaza alikuwa wifi, alizoea kusema kaka yake alioa redio ili apumzishe mdomo.

"Na redio yenyewe haina kitufe cha kuzimia," aliongeza kila mara.

"Kitufe kipo, wifi yangu," Bi Kipaza alimjibu. "Ila anayejua kilipo ni kaka yako peke yake, na hapo wewe hapakuhusu."

Fundi aliingia kwenye muziki kwa mlango wa nyuma, nyundo mkononi. Mji ule ulikuwa na okestra ya watu wa kila namna: muuguzi aliyepiga fidla, makarani wa posta, polisi waliostaafu kwenye bendi yao wakabaki na matarumbeta. Okestra hiyo ilikuwa na ngoma mbili za shaba, kila moja kama sufuria la kupikia jeshi, zimewambwa ngozi juu. Siku moja zilianguka kutoka kwenye lori, zikabonyea. Akaitwa fundi. Akazinyoosha, halafu, kama alivyozoea kuzijaribu ndoo zake, akazigonga asikie kama zimekaa sawa. Mwalimu wa okestra, yule ashikaye kijiti mbele ya wapigaji, alikuwa chumba cha pili anakunywa chai. Alitoka mbio kiasi kwamba kikombe kilibaki hewani, kikamngoja mpaka aliporudi.

"Umejifunza wapi kupiga hivyo?" aliuliza.

"Kwenye ndoo," fundi alisema.

Tangu siku hiyo ngoma zikawa zake. Na zilimfaa, maana mpigaji wa ngoma zile kazi yake kubwa ni kungoja. Wenzake wanapiga, yeye anangoja. Wenzake wanatoka jasho, yeye anangoja. Fundi alizaliwa akiwa anangoja. Hata mkunga alilalamika. Lakini Bi Kipaza aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Ngoma zilipoingia maishani mwao, mumewe alianza kuimba bafuni. Wimbo wenyewe haukuwa na kichwa wala miguu, lakini aliimba. Akaanza kucheka usingizini. Siku nyingine alikaa mezani akamweleza mkewe, kwa sentensi zilizokamilika, namna ngozi ya ngoma inavyolegea wakati wa baridi. Bi Kipaza alimsikiliza mdomo wazi. Walikuwa wamelea watoto, wamezika wazazi, wamehama nyumba, na kumbe ndani ya mtu huyu mlikuwa na mtu mwingine amekaa kimya kwenye kona anangoja kuitwa.

Kisha ikaja ile aibu ya mwaka uliopita.

Mwalimu alikuwa ameamua kupiga simfonia moja mashuhuri, ya zama zile za kimapenzi ambapo watunzi waliandika muziki kwa moyo kwanza, kichwa baadaye. Ilikuwa na sehemu tano. Sehemu ya tatu inapita shambani, polepole sana, na mwishoni inakuja radi. Si radi ya kupasua paa. Ni radi ya mbali, inayonguruma ng'ambo ya milima, na inapigwa kwa ngoma peke yake: fundi upande huu, na polisi mmoja mstaafu upande ule. Kwa radi hiyo fundi alijifua msimu mzima wa mvua. Alipiga kwenye tangi la maji. Alipiga kwenye mito ya viti. Alipiga kwenye mgongo wa mkewe, akidai anamkanda.

Siku yenyewe ikafika. Mwalimu akatoka mbele kuwaeleza watu simfonia ile. Akaeleza dhamira ya kwanza na dhamira ya pili, akaeleza mrejeo, akaeleza mrejeo wa mrejeo, mpaka mwenye kupiga miayo akaomba kupokelewa zamu. Muziki ulipoanza watu walikuwa wamekwisha kuchoka. Ilipofika sehemu ya tatu, kwa ukimya wake ule, mmoja alidhani imekwisha, akanyanyuka. Wa pili alimwona wa kwanza. Wa tatu alitafuta kofia yake. Radi ilipofika, fundi aliipigia migongo ya watu na makelele ya viti.

Alirudi nyumbani akaketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni.

"Wamenipa mgongo," alisema. Basi.

Asubuhi akamalizia. "Mwalimu anataka kuipiga tena mwakani. Nitapiga. Lakini radi yangu isiposikika safari hii pia, ngoma namrudishia. Nibaki na ndoo zangu. Ndoo angalau mtu huja kuichukua."

Bi Kipaza hakubisha. Neno la mumewe lilichukua muda mrefu kutoka, na likishatoka halikujua njia ya kurudi. Alichowaza ni yule mtu mwingine, yule wa kuimba bafuni. Ngoma zikiondoka, naye ataondoka nazo, na safari hii hakuna tangazo litakalomrudisha.

Kwa hiyo mwalimu alipopanda ngazi za kibanda, mwaka ulipokaribia kuzunguka, Bi Kipaza alimpokea kama mtu aliyeleta posa.

"Mama," mwalimu alisema, akitweta, shati lake limepigwa pasi mpaka lingeweza kukata nyanya, "nimekuja kukuomba. Watu wanakusikiliza wewe."

"Wananisikiliza kwa sababu hawana pa kukimbilia. Spika ziko kila kona."

"Nataka uwaeleze simfonia kabla hatujaanza. Maneno machache tu."

"Mimi? Mwalimu, mimi shule niliiona kwa nje, tena rangi yake nimeisahau."

"Nitakueleza kila kitu. Wewe utawapelekea."

"Ngoja kwanza." Akawasha kipaza sauti. "Mwenye gari la kabichi lililoziba lango: kabichi zako zimeanza kuota mizizi. Liondoe kabla hatujavuna." Akageuka. "Haya, nieleze. Kaa. Si hapo! Kiti hicho huangusha wageni."

Mwalimu akaegemea ukuta. "Kuna kijana msanii. Amempenda mwanamke aliyemwona kwa mbali tu."

"Kamsalimia?"

"Hapana."

"Katuma hata mtu ampelekee salamu?"

"Hapana, mama. Anamuwaza tu. Na kila akimuwaza, wimbo mmoja unamjia kichwani. Wimbo huo ndio mwanamke mwenyewe. Utausikia sehemu zote tano, kila mara umevaa nguo nyingine."

"Hayo si mapenzi, mwalimu. Hiyo ni homa."

"Hata mtunzi angekubaliana nawe. Basi, sehemu ya pili kijana anakwenda kwenye dansi, na katikati ya watu wote anamwona. Sehemu ya tatu anakimbilia shambani, apumzishe akili."

"Na mwanamke anamfuata?"

"Wimbo unamfuata."

"Hana haya mwanamke huyo!"

"Ni kichwa chake kijana, mama! Mwanamke yuko kwao, hana habari. Basi kijana anakata tamaa, anakunywa dawa ya kulevya, nyingi, ili afe. Hafi. Analala, anaota ameshamuua yule mwanamke, na sasa anapelekwa kukatwa kichwa."

"Kamuua kweli?" iliuliza sauti nene.

Sauti hiyo haikuwa ya Bi Kipaza. Ilitoka chini. Wote wawili wakachungulia dirishani. Soko lilikuwa kimya kama maji mtungini. Muuza nyama alikuwa amesimama, kisu juu, macho kwenye spika. Wapagazi walikuwa wamekalia mizigo waliyotakiwa kuibeba. Na pale chini ya ngazi, pazia la mteja begani, alikuwa wifi mtu, anajifuta jicho.

Mwalimu akaangalia kipaza sauti. Bi Kipaza akaangalia kipaza sauti. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Baada ya zile kabichi hakukizima.

"Wifi!" dada mtu aliita. "Wamkate kichwa kwa ndoto? Mahakama gani hiyo?"

Bi Kipaza hakukaa miaka yote ile kibandani bure. Akasogeza mdomo. "Wateja wapendwa, habari mliyokuwa mnaisikiliza bila ruhusa itamalizika Jumapili alasiri, ukumbi wa mji. Kama wamemkata au hawakumkata, mtaona wenyewe. Njooni mapema, na mwenye kikohozi akiache nyumbani."

Kisha akakizima kweli, mwalimu akashuhudia.

"Jambo moja, mama," mwalimu alisema alipopata pumzi. "Sehemu ya tatu inaanza kwa mchungaji wa ng'ombe anayepiga zumari jukwaani, na mwenzake anamjibu kutoka nyuma ya pazia. Mwishoni yule wa kwanza anapiga tena, lakini hajibiwi. Inasikika radi tu. Hilo usiwaambie. Upweke ule uwakute wenyewe, hawajajiandaa."

"Sitasema."

"Niahidi."

"Mwalimu, mdomo wangu ni kaburi."

Na kwa kweli lilikuwa kaburi, ila lilikuwa na dirisha.

Jumapili ukumbi ulifurika. Wauza nyama walikuja wamejisugua mpaka wakang'aa. Wapagazi walikuja na viti vyao vya kukunja, hawakuamini vya ukumbi. Wauza vitunguu walikaa pamoja, na waliokaa nyuma yao wakaanza kulia kabla muziki haujaanza. Wifi mtu alishika kiti cha mbele kabisa, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu.

Upande wa nyuma wa jukwaa, nyuma ya ngoma zake, alikuwa fundi katika koti jeusi lenye mikono iliyokomea karibu na viwiko. Alikuwa ameambiwa kwamba mkewe ndiye atakayesema. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema "hm", na kwa fundi "hm" ni hotuba.

Bi Kipaza akapanda jukwaani. Akaona ukumbi wote unamtazama, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba miaka yote ametangaza bila kuonwa. Akapiga moyo konde.

"Hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Aliyeacha mkokoteni mlangoni akautoe. Tunangoja."

Mtu mmoja akatoka kweli, huku anachekwa, akarudi. Hapo Bi Kipaza akajiona yuko kibandani kwake.

"Leo tuna mtu aliyepotea," alisema. "Kijana, kimo cha kawaida, koti zuri, akili hana. Akili zimeondoka na mwanamke ambaye hata jina lake halijui. Mkimwona msimguse, ni mgonjwa. Na mwanamke mwenyewe alama yake ni hii."

Akampungia muuguzi wa fidla. Muuguzi akapiga wimbo ule peke yake, mrefu, unaopanda, unaosita, unaojirudi kama mtu aliyefika mlangoni akaogopa kugonga.

"Mmeusikia? Basi msidhani huo ni wimbo. Huyo ndiye mwanamke. Popote mtakapousikia, mjue kapita hapo. Kwenye dansi atakuja na gauni refu. Yeye atakuwa katikati ya ukumbi, mkia wa gauni bado unashuka kwenye gari. Shambani atakuja pekupeku. Huko kwenye kukatwa kichwa nako atakuja, tena wakati mbaya. Sasa huko shambani ndiko nataka mnisikilize."

Sauti yake ikashuka, maana sasa alikuwa amefika kwenye shida yake mwenyewe.

"Kuna mchungaji atapiga zumari hapa. Chukulieni kwamba anapiga hodi. Mwenzake kule nyuma ya kilima," akaonyesha pazia, "anamwitikia 'karibu'. Baada ya hapo ni kimya kirefu. Mtadhani wamesahau kazi. Mtadhani wamelala. Msitoke!"

Akatazama mlangoni. Wale waliokosa viti walikuwa wamesimama pale, na mpagazi mmoja, jitu la watu, mguu wake mmoja ulikuwa ndani na mwingine nje. Bi Kipaza aliutazama mguu ule wa nje. Aliona migongo ya mwaka jana. Alimwona mumewe ukingoni mwa kitanda. Na lile dirisha la kaburi likafunguka.

"Kwa sababu mwishoni," alisema, na nyuma yake mwalimu akakohoa kikohozi cha mtu mzima wa afya, "mwishoni yule mchungaji atapiga hodi tena. Na hatajibiwa! Maskini wa watu, yuko peke yake, kunakuchwa. Hodi, kimya. Hodi, kimya. Ni radi tu ndiyo itakayomsikia."

"Aaah!" ukumbi ukaugua. Mpagazi akaingiza mguu.

Bi Kipaza akashuka, akaketi kando ya wifi yake. Alipogeuka kumtazama mwalimu, masikio ya mwalimu yalikuwa na rangi ya pilipili iliyoiva.

Muziki ukaanza. Na tusiseme uongo pale ambapo hauhitajiki: ulikwenda vizuri. Ule wimbo ulipotokea sehemu ya kwanza, ukumbi mzima ulinong'ona, "Huyo!" Ulipotokea kwenye dansi, wakanong'ona tena, "Huyo, huyo!" na wifi mtu akasema, "Mbona hatulii mahali pamoja binti huyu?" Mzee mmoja alisimama kabisa ili amwone vizuri, akavutwa shati akaketi.

Ikaja sehemu ya tatu. Zumari nene ikaita jukwaani. Zumari nyembamba ikajibu nyuma ya pazia. Halafu ule ukimya wa mashamba ukatanda, muziki ukajinyoosha kama ng'ombe waliokula wakashiba. Bi Kipaza hakulitazama jukwaa, aliutazama mlango. Hakutoka mtu. Mmoja alijaribu kunyanyuka, na jirani zake watatu wakamkalisha kwa macho tu. Bi Kipaza akavuta pumzi mpaka ikafika kwenye vidole vya miguu. Amewashika! Safari hii radi haitapewa mgongo.

Zumari nene ikaita tena. Fundi akanyanyua vijiti vyake.

Sasa, watu wale walikuwa watu wa aina moja. Walifunzwa tangu wanatambaa kwamba hodi haiachwi hewani. Unaweza kuwa unaoga, unaweza kuwa unagombana na mwenzio mmeshikana mashati. Hodi ikipigwa unajibu kwanza, kisha unaendelea na ugomvi. Na hawa walikuwa wameambiwa, tena kwa sauti wanayoiamini kuliko za ndugu zao, kwamba kuna maskini atapiga hodi na hatajibiwa.

"Karibu!" alisema muuza nyama.

"Karibu!" akasema mpagazi mlangoni.

"Karibuuu!" ukaitika ukumbi mzima, mabaraza mpaka madirisha. "Karibu ndani!" "Pita, baba!" "Kiti hiki hapa!" Na wale wa vitunguu, wenye huruma zao: "Usilie, tupo!"

Bi Kipaza aliona mikono ya mumewe inatembea juu ya ngoma. Aliiona, lakini hakusikia kitu. Radi yote ya kwanza, kuanzia mngurumo hadi mkia wake, ilipita chini ya "karibu" kama panya chini ya kabati.

"Wifi," alinong'ona dada mtu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani, "umemmaliza kaka yangu."

Mpiga zumari, midomo inamtetemeka kwa kicheko, akajikaza akaita mara ya pili. Ukumbi ukavuta pumzi kujibu. Bi Kipaza akasimama nusu. Neno lake moja lingetosha. Neno moja lilikuwa limenyamazisha soko zima mara nyingi. Lilikuwa limefika mdomoni, limekaa kwenye meno. Lakini neno hilo nalo lingeifunika radi, na mwenye kulisema angekuwa ni yeye tena. Akauziba mdomo wake kwa mikono miwili, akaketi, akafumba macho. Walio karibu naye walidhani anaumwa.

Kwa hiyo hakuona fundi alivyofanya. Wifi ndiye aliyesimulia, na anasimulia mpaka leo. Fundi alinyanyua kichwa, akauangalia ule ukumbi kama anavyomwangalia mteja anayetaka kushika bati la moto, akashusha mikono yote miwili kabla "ka" haijapata "ribu" yake. Polisi mstaafu upande wa pili alimwona, na kwa kuwa maisha yake yote alifuata amri, akaifuata hiyo pia.

Haikuwa radi ya mbali. Radi hiyo ilipiga mlangoni. Vioo viliulizana habari. Njiwa waliokuwa darini walihama mji, na waliko sasa wanaishi kwa jina lingine. Mama mmoja aliyeacha nguo kambani alinyanyuka akazianue, akafika katikati ya njia, akakumbuka yuko ndani, akaketi kwenye kiti cha mtu mwingine. Hakuna aliyesema karibu. Walikuwa wameshika viti.

Zumari ikaita mara ya tatu. Fundi sasa akalainisha mkono. Akaipeleka radi ile nyuma, ng'ambo ya milima, mahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo, ikanguruma kidogo kidogo kama mzee anayeongea na nafsi yake. Na watu wakainama mbele, wote kwa pamoja, kuifuata. Bi Kipaza akafumbua macho. Mpagazi mlangoni alikuwa amevua kofia. Zumari ikaita tena, fupi, ikasubiri. Fundi hakupiga. Hakuna aliyejibu, na safari hii hakuna aliyetaka kujibu. Mwalimu aliacha kijiti hewani mpaka Bi Kipaza akadhani kimenasa.

Hayo mengine yalipita kwa furaha. Kijana alipokatwa kichwa, ule wimbo ukimtokea kwa ufupi na kukatwa nao katikati, ukumbi ulisema "Maskini!" kwa sauti moja. Kwenye sehemu ya mwisho, wachawi walipokuja kucheza ngoma juu ya kaburi lake, wimbo ulirudi umekunjamana, unatekenya, unacheka kwa pua, na wifi mtu akaruka juu: "Nilijua! Toka kwenye dansi nilijua!"

Walipiga makofi mpaka waliokaa nyuma ya wauza vitunguu wakaacha kulia.

Bi Kipaza alimngojea mumewe kwenye mlango wa pembeni. Watu walitoka wakampita, wengine wakampa mkono fundi kabla hajamfikia mkewe. Mmoja alimuuliza kama mvua itanyesha kesho. Fundi akatazama juu, akafikiri, akasema, "Hapana." Mtu yule akashukuru, akaenda kuwaambia wenzake.

Walitembea. Bi Kipaza hakusema neno mpaka kona ya kwanza, na hiyo peke yake ilistahili kutangazwa.

"Ile ya kwanza nimekuharibia," alisema mwishowe.

"Hm."

"Nilikuwa naogopa watatoka."

"Hawakutoka."

Wakavuka barabara. Fundi akawa anakunja na kukunjua vidole.

"Ile ya pili niliizidisha," alisema.

"Uliizidisha sana, baba watoto. Kuna mama amekaa kwenye kiti cha mtu."

"Mkono wa kushoto ulitangulia. Unatakiwa uingie baada ya wa kulia, tena kidogo tu. Nimemwambia mwalimu. Tutaifanyia kazi Jumanne."

"Jumanne?"

"Mazoezi. Tunaipiga tena mwezi ujao." Akatembea hatua kadhaa, akakohoa. "Mwalimu ana sharti moja."

"Sharti gani?"

"Wewe usiseme. Ukae kwenye kiti, usikilize tu."

Bi Kipaza akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Mimi? Mimi niliyemjazia ukumbi? Mwalimu yule mwenye masikio ya pilipili ndiye wa kuniambia mimi nifunge mdomo? Na wewe ukamjibu nini?"

"Nimesema sawa."

"Umesema sawa!"

"Nimesema sawa, upesi."

Akanuna. Alinuna kwa ustadi, midomo imetangulia mbele, uso ameugeuzia ukutani, na akatembea hivyo njia nzima mpaka nyumbani, maana angegeuka kidogo tu fundi angemwona anavyocheka.